Dakika Tisa Juu ya Paa la Shule

Mwalimu wa fizikia alinikuta kwenye korido ya ghorofa ya pili, nimesimama juu ya ngazi, kichwa na mabega vimezama ndani ya dari, natafuta kiyoyozi kinavujia wapi. Nilimtambua kwa sauti. Katika shule ile yenye walimu wa kila taifa, ni yeye peke yake aliyekuwa akinisemesha kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kisumu, chenye haraka na amri.

"Fundi, hebu shuka kidogo nikuulize kitu."

"Uliza tu, Mwalimu, nakusikia."

"Siwezi kuongea na miguu. Shuka."

Nikashuka, vumbi la dari limenijaa kwenye nyusi. Akaniuliza kama nilishawahi kufunga antena.

Nilicheka. Kabla sijaja Doha nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni Ngamiani, Tanga, na kwa miaka kumi na moja nilipanda mapaa ya watu. Mwenye nyumba alikuwa akinionyesha tu picha yake inavyochezacheza, nami namwambia antena isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Halafu vikaja ving'amuzi na madishi, zikaja simu zenye kila kitu ndani, na watu wakaacha kutengeneza vitu. Nikafunga kibanda, nikaomba kazi ya umeme Ghuba. Huu sasa ulikuwa mwaka wangu wa saba katika kempu ya wafanyakazi ya Industrial Area, chumba cha watu sita, basi la kampuni linanichukua alfajiri na kunileta kwenye shule hii ya watoto wa watu wenye nafasi, nibadilishe taa na kuhudumia viyoyozi. Tangu nishuke kwenye ndege hakuna aliyeniuliza habari za antena.

"Nimefunga nyingi," nikamwambia. "Unataka ya televisheni?"

"Nataka ya kuongea na watu walio angani."

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani. Akanieleza pale pale koridoni, watoto wanatupita kwa kelele. Watu wanne walikuwa wanajiandaa kurushwa kwenda kituo cha anga: Wamarekani wawili, Mrusi mmoja na Mjapani mmoja. Wangekaa huko miezi sita. Kule juu kuna redio ya kawaida, aina ile wanayochezea wapenzi wa redio majumbani kwao, na shule zinaruhusiwa kuomba kuongea na wanaanga kwa redio hiyo. Yeye aliomba zamani, hata akasahau. Sasa majibu yamekuja. Kituo kikipita juu ya Doha, kwa muda wa dakika tisa au kumi, watoto wetu watauliza maswali na mmoja wa wale wanne atawajibu. Intaneti haimo, wala simu. Ni redio tu na antena juu ya paa letu.

"Hicho kituo kinakwenda kasi gani?" nikauliza.

"Kinamaliza kuizunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu."

Nikafikiri kidogo. "Basi antena haiwezi kusimama mahali pamoja. Lazima igeuke ikikifuata, kutoka kinapochomoza mpaka kinapozama."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa viti vya nyuma aliyenyoosha mkono bila kuitwa. "Unaona sasa," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Msimamizi wangu alikataa kwanza. Alisema mkataba wa kampuni unahusu yaliyo ndani ya jengo, paa si letu, na mtu akianguka huko nani atajibu? Nilimpelekea Mwalimu habari hizo nikiwa nimeshakata tamaa. Akavuta kitambulisho chake shingoni kama anayejiweka sawa kwa vita, akaingia ofisini kwa mkuu wa shule, na kabla sijamaliza kubadilisha taa mbili alikuwa ametoka. Jioni ile msimamizi akanipa mkanda wa usalama na kofia mpya.

Redio na antena vilikuwa vya mzee mmoja wa Kihindi, mhandisi mstaafu mwenye leseni ya kurusha mawimbi. Aliishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, juu ya duka la vifaa vya ujenzi na mgahawa wa biriani. Tulikwenda kwake na pikapu ya kampuni, mimi na mwenzangu wa kazi, fundi bomba kutoka Nepal, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, mpole sana. Sebule ya mzee ilikuwa redio tupu, toka sakafuni hadi kwenye pazia. Mkewe alituletea chai. Kabla sijamaliza nusu ya kikombe, mzee akaniwekea mbele kipande cha waya mnene na kichwa chake cha shaba, akaniambia nivichomee viungane.

Nilielewa kuwa huo ni mtihani. Nikapasha moto kifaa chake cha kuchomelea, nikasafisha ncha kwa kitambaa kibichi, nikachomea taratibu kama nilivyofundishwa na baba yangu mdogo nilipokuwa kijana. Mzee akachukua kioo cha kukuzia, akatazama upande huu, akageuza, akatazama upande wa pili. Akanisogezea waya wa pili. Hapo nikajua nimefaulu.

Ilituchukua siku tatu kusimamisha ile mitambo. Antena zilikuwa mbili, ndefu, zina vijiti vya alumini kama mifupa ya samaki mkubwa, zimekaa juu ya nguzo ya chuma yenye mota mbili: moja ya kuzungusha, ya pili ya kuinua na kuinamisha. Hatukutoboa paa. Tuliibana nguzo kwa matofali mazito ya zege, mwenzangu akiyabeba mawili mawili kama mikate. Waya tuliupitisha kwenye bomba la kiyoyozi hadi ukumbini. Mzee alipobonyeza kompyuta yake kule chini, antena ziligeuka zenyewe, polepole, zikainua pua juu. Nilisimama pale paani, jasho linanitiririka, nikazitazama mpaka mwenzangu akanivuta shati.

Halafu tukawa tunasubiri watu wenyewe waende.

Mara ya kwanza roketi iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Mara ya pili walikuwa wameshakaa ndani, mikanda imefungwa, ikaonekana kuna kipimo hakisomi sawasawa, wakateremshwa. Mimi nilikereka, Mwalimu hakukereka hata kidogo.

"Acha wakawie," akasema. "Mimi nataka wafike."

Mara ya tatu ilikuwa alasiri, watoto wengi wamekwisha kuchukuliwa. Tulikuwa maabara mbele ya televisheni: Mwalimu, mzee wa redio, mwenzangu, mimi na wanafunzi wachache waliokuwa wakisubiri magari ya kwao. Nimewahi kuona roketi kwenye habari, lakini zamani zilikuwa zinapita tu kama moto wa watu wengine. Safari hii nilijua mmoja wa waliomo atatumia waya nilioufunga kwa mkono wangu, na nikashangaa jinsi nilivyoogopa. Mtu wa umeme anajua chombo kama kile kina nyaya ngapi, na kila waya una ncha mbili, na kila ncha ina mtu aliyeifunga siku ambayo labda alikuwa na usingizi. Moto ulipotoka chini yake nilishika ukingo wa meza. Mwenzangu akaninong'oneza, "Watu wamo mle ndani?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akafumba macho.

Baada ya dakika chache ambazo sikuzihesabu, kamera ikaonyesha ndani. Walikuwa wamening'iniza mdoli mdogo kwa uzi mbele ya viti vyao, na yule mdoli aliyekuwa amevutwa chini, uzi umekaza, akaanza kuelea. Mwalimu akapiga kofi moja kubwa. "Wamefika juu! Hao wamefika juu!" Mzee wa redio akavua miwani akaifuta, na akaendelea kuifuta muda mrefu.

Siku iliyofuata chombo chao kilikutana na kituo, na hilo niliwahi kulitazama kwenye simu, ndani ya basi la kampuni, tunarudi kempu. Mlango wa duara ukafunguliwa, wakaingia mmoja mmoja wakielea, wenyeji wao wakiwadaka na kuwakumbatia. Wa pili alikuwa mwanamke, nywele zimesimama pande zote. Basi zima likaniinamia begani: Wabangladeshi, Wanepali, Waganda, Mghana mmoja. Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye jengo jirani akauliza, "Wetu ni yupi?"

"Wetu hayumo."

"Sasa wewe unachekea nini?"

"Yule mwenye nywele," nikamwonyesha, "Mwalimu ameambiwa ndiye atakayeongea na shule yetu. Na antena nimeifunga mimi."

Walicheka sana, lakini simu walikuwa wameshaishika wao, na hawakunirudishia mpaka tulipofika getini.

Zikapita wiki tatu. Tukapewa siku na saa: asubuhi, saa nne na nusu na dakika kadhaa. Mzee wa redio alikuja siku moja kabla tukajaribu kila kitu. Kituo kilipita, antena zikakifuata, na kwenye spika ukumbini tukasikia mlio wake ukija na kuondoka, safi kabisa. Nilirudi kempu nimetulia.

Usiku ule upepo wa kaskazini ukavuma. Asubuhi Doha yote ilikuwa na rangi ya unga wa dengu, magari yamefunikwa, na mchanga umerundikana kwenye kila kona ya lile paa. Saa tatu na nusu mzee akabonyeza kompyuta kule chini. Mota ya kuzungusha ikaunguruma, ikasita, ikatoa harufu ninayoijua vizuri mno. Nilipoifungua, meno yake yalikuwa yamesagana na mchanga, na koili yake ya nyaya imeungua nyeusi.

Nilimpigia Mwalimu. Akapanda ngazi mbio, mzee nyuma yake akihema. Chini, wazazi walikuwa wameshaanza kuingia ukumbini, wageni wa wizara wako viti vya mbele, na watoto kumi na wawili wamepanga mstari, kila mmoja na karatasi yake.

"Inaweza kutengenezwa?" Mwalimu akauliza.

"Kwa leo haiwezi."

Alitazama upande wa bahari, midomo ameibana. Mzee akakaa juu ya tofali la zege, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee kweli.

Kule Tanga, wakati wa mechi kubwa, mteja anaweza kukuita picha imepotea na nguzo imelegea, wala hakuna muda wa kutengeneza. Unapanda, unashika antena kwa mkono, mtu anakaa dirishani anakupigia kelele: geuza, rudisha kidogo, hapo hapo! Nimewahi kushika antena dakika arobaini na tano nzima, mpaka mpira ukaisha. Kwa hiyo nilipowaambia nitaishika kwa mkono, sikuwa nasema maneno ya ushujaa. Nilikuwa nasema kazi ninayoijua.

Mzee aliinua kichwa. "Moja tu," akasema kwa Kiingereza. "Mbili ni nzito. Moja inatosha, ukiielekeza vizuri. Ukikosea, hatutasikia kitu."

"Nipe hesabu zake," nikamwambia.

Alikuwa na karatasi inayoonyesha, kila baada ya nusu dakika, kituo kitakuwa upande gani na kimeinuka kiasi gani. Tukaanza kazi. Mwenzangu alifungua nati, tukaitoa kwenye nguzo antena moja, ile ndogo zaidi. Nikachukua chaki ya darasani nikachora duara kubwa kwenye sakafu ya paa, nikaligawa kama uso wa saa. Nilianza na kibla, ambacho katika mji huu nakijua hata nikiamshwa usingizini. Mzee akahakikisha kwa dira yake, tukajaza nyuzi nyingine zote kutoka hapo. Kwa ajili ya kuinua, Mwalimu alishuka akarudi na kipimapembe cha plastiki cha mwanafunzi. Nikakifunga kwenye mhimili wa antena kwa utepe wa gundi, nikaning'iniza uzi wenye nati moja nzito. Antena ikiinuka, uzi unaonyesha imeinuka nyuzi ngapi.

Mzee alishuka kwenda kwenye redio yake, Mwalimu kwa watoto wake. Tukabaki wawili. Mwenzangu alishika karatasi mkono mmoja na saa ameivaa mkono wa pili, sikioni amevaa kisikilizi cha simu iliyounganishwa na ukumbini. Sisi wawili tulikuwa na lugha yetu ya kazini, Kiarabu kidogo, Kihindi kidogo, Kiingereza kilichovunjika, na haijawahi kutuangusha. Nilikaza mkia wa antena kwapani, mikono yote miwili mbele, miguu kwenye alama ya kwanza: kushoto kidogo ya kibla, chini kabisa, usawa wa mapaa ya majirani.

Hapakuwa na kitu cha kuona. Hilo ndilo nililokuwa sijalifikiria. Palikuwa na vumbi, jua jeupe nyuma yake, na kreni ya ujenzi kwa mbali. Nilikuwa nimenyoosha chuma kuelekea mahali patupu.

"Sasa," mwenzangu akasema. Kisha akaanza kusoma.

Dakika ya kwanza nilisikia moyo wangu tu. Nilitamani kumuuliza wanasikia au hawasikii, lakini yeye alikuwa anasoma namba kama anayesali, nami sikuthubutu kumkatisha. Nikageuka kulia taratibu, nusu hatua, nusu hatua, nikiinua. Nikakipita kibla. Jasho likaingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Mwenzangu akavua kilemba chake cha kujikinga na vumbi, akanifuta uso bila kuacha kusoma.

Karibu na katikati, kituo kinapokuwa juu kabisa, kinakimbia. Namba zilizokuwa zinasogea kumi kumi zikaanza kuruka thelathini. Nikageuka haraka kwenda kaskazini, na waya ukabaki chini ya kiatu changu. Antena ikavutwa chini, nikapepesuka. Mwenzangu akashika sikio lake.

"Wanapiga kelele! Juu! Juu!"

Nilirusha mguu, waya ukaachia, nikainua mpaka uzi wa kipimapembe ukagusa alama. Akasikiliza. Uso wake ukabaki umekunjana kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mkataba wangu wa kazi. Kisha ukafunguka. Akanyoosha kidole gumba na kuendelea kusoma.

Upande wa pili ulikuwa wa kushuka, kuelekea kaskazini mashariki kwenye bahari. Mabega yalikuwa yanatetemeka wazi sasa, na ili yasitikise antena niliegemeza mgongo kwenye nguzo tupu, nikazunguka nayo. Mwenzangu akasoma namba ya mwisho. Hata hivyo sikuishusha. Nilibaki nimeielekeza baharini mpaka nikasikia kitu kikitokea chini ya miguu yangu, kwenye sakafu ya paa yenyewe, kama mvua kubwa inayoanza. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi.

Tulikaa chini, mimi na mwenzangu, kwenye mchanga. Alinipa chupa ya maji na mimi nikashindwa kuifungua. Vidole vilikuwa vimekataa. Akanifungulia.

Mzee alipanda tena ngazi zote zile. Alitushika mikono, mmoja mmoja, kwa mikono yake yote miwili, kisha akatoa kwapani daftari lenye jalada gumu, ambalo huandika ndani yake mawasiliano yote aliyowahi kufanya tangu akiwa kijana. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umeshajazwa kwa mwandiko wake mdogo. Chini alikuwa ameandika neno moja, antena, akaacha nafasi. Akatupatia kalamu. Mwenzangu aliweka sahihi kwa herufi za kwao. Mimi niliandika jina langu kamili, la baba na la babu, na herufi zilitoka zimepindapinda, lakini zinasomeka.

Jioni Mwalimu alinitumia sauti iliyorekodiwa. Niliisikiliza nikiwa peke yangu kitandani, pazia nimelivuta. Sauti ya yule mwanamke ilikuja kwanza kwa mbali, imefunikwa na mkwaruzo, kisha ikafunguka, kana kwamba yuko chumba cha pili. Mtoto wa tano, msichana, alimuuliza wakigombana huko juu wanafanyaje. Akaanza kujibu na mkwaruzo ukammeza. Ni zile sekunde za kiatu changu. Unasikia ukumbi unaguna, unamsikia mzee anaita. Halafu sauti ikarudi, na yule msichana, Mungu ambariki, akauliza tena swali lake lote bila kubabaika.

Mwanamke wa juu akacheka. "Nilishajibu, lakini ni swali zuri, nitajibu tena. Hapa huwezi kutoka nje na kubamiza mlango. Kwa hiyo tunaombana radhi mapema."

Nilimpigia mke wangu Tanga nikamwekea yote, toka mwanzo hadi mwisho. Kiingereza hakijui, nilikuwa namfasiria.

"Baba watoto," akasema ilipoisha, "hapo palipokoroma ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikanyaga waya."

"Na kwingine kote walikosikilizana?"

"Kwingine kote pia ni mimi."

"Basi," akasema, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nifunge kibanda. "Nitumie hiyo. Kesho naipeleka kwa mama."

Aliipeleka kwa mama, kisha kwa kaka zangu, na baada ya wiki nikapigiwa simu na watu niliowahi kuwafungia antena Ngamiani, wananiuliza kama ni kweli.

Shule iliagiza mota mpya, nikaifunga mimi, safari hii ndani ya boksi lisiloingiza mchanga. Mwalimu akaanzisha kundi la redio kila Jumatano baada ya masomo. Alimwandikia msimamizi wangu barua, na tangu hapo Jumatano sipandi ngazi za viyoyozi saa hizo. Nakaa maabara na wanafunzi tisa, nawafundisha kuchomea waya. Wengi wao hawajawahi kushika bisibisi. Wanaunguza vidole, wanapuliza, wanarudia. Nawapa waya wa kwanza, natazama kwa kioo cha kukuzia, na kama umekubali nawasogezea wa pili. Koridoni sasa wananiita mwalimu, na mara ya kwanza niliposikia niligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Miezi sita yao ilipokwisha, wale wanne walirudi. Iliangukia Jumatano. Tulizima vichomeleo vyote, tukaketi mbele ya televisheni. Chombo chao kilionekana kwanza kama nukta, kisha miavuli minne ikafunguka, kikashuka kwenye maji kwa utulivu ambao sikuutarajia. Boti zikakizunguka. Wanafunzi waliniuliza kwa nini hawatoki upesi, nikawaambia mtu aliyekaa miezi sita bila uzito wake hawezi kuamka tu akatembea, wamuache.

Mlango ulipofunguliwa walitolewa mmoja mmoja, wamelazwa. Yule mwanamke alikuwa wa tatu. Nywele zake zilikuwa zimelala sasa, zimelowa jasho, uso umepauka. Waliomshika walipomgeuza kuelekea kamera, akainua mkono, ukashuka wenyewe kwa uzito, akauinua tena.

Yule msichana wa swali la ugomvi, ambaye naye ni mwanafunzi wangu wa Jumatano, akampungia mkono kwenye kioo cha televisheni. Mwalimu alikuwa analia na hakujificha. Mimi nilisimama nyuma ya watoto, mikono mfukoni, nikiwahesabu kimya kimya wale wanne mpaka wa mwisho alipotoka. Wote walikuwa wazima. Nikawaambia wanafunzi wawashe vichomeleo, turudi kazini.